Litungu la Nyansurura na lebo za Ukerewe

Vijana wa mjini tuna kaugonjwa fulani. Tukisikia neno "lebo" tunawaza Mikocheni au Mbezi, geti jeusi, magari yamepangwa nje na mlinzi anayekuuliza una miadi na nani. Tukisikia "lebo huru" tunapaa zaidi, tunawaza London na wazungu wa nywele ndefu. Hakuna anayewaza Mara. Mara kwetu ni Mwalimu Nyerere, wanajeshi, nyumbu na ugomvi wa ng'ombe. Basi, tumemaliza.

Sasa sikia hii. Katika mkoa huohuo alizaliwa bwana mmoja ambaye muziki wake umetolewa na kampuni tatu tofauti za London, moja baada ya nyingine, mwaka 1987, mwaka 1989 na mwaka 2010. Hiyo ya tatu ilimtoa akiwa ameshazikwa. Nitamtaja baadaye, usiwe na pupa. Kwanza twende Nyansurura, maana huko ndiko nilikokutana na swali ambalo hizo kampuni zote za Ukerewe zimekuwa zikilijibu kila moja kivyake kwa karibu miaka mia moja. (Ukerewe ninayosema ni ile ya Malkia na mfalme wake, si kisiwa cha ziwani. Ingawa ukiwa Mara, ukisema "natoka Ukerewe", watu watakuuliza bei ya samaki.)

Nyansurura ni kata ya wilaya ya Serengeti, upande ule ambako wilaya hiyo na Tarime zinatazamana. Usiitafute kwenye vipeperushi vya watalii, haimo. Watalii wanaingia hifadhini kwa ndege au kwa gari la kifahari, wanapiga picha simba aliyelala, wanarudi. Nyansurura inabaki na wenyewe. Wanaotokea Musoma wana njia yao. Mimi nilipitia Tarime, na sijutii, ingawa mgongo ulilalamika siku mbili. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu inakupitisha Nyamwaga, halafu Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002. Hapo kila abiria ana hadithi yake. Mmoja atakwambia habari za fidia, mwingine za ndugu yake aliyetajirika, wa tatu atanyamaza na kutazama nje, na ukimwangalia utajua asiulizwe. Dhahabu ile kwa miaka mingi ilikuwa inaondoka tu. Baada ya mvutano mkubwa serikali ikapata hisa asilimia 16, Barrick wakabaki na 84. Shika hizo namba, nitazirudia.

Halafu unavuka mto Mara. Ndiyo, mto uleule wa kwenye televisheni, nyumbu wanaruka na mamba wanasubiri. Ila huku hakuna mzungu mwenye kamera. Kuna akina mama wanafua, watoto wanachunga, na vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki zao kama bwana harusi anavyojiosha.

Nchi ya huku ni ya vilima na mawe. Mahindi, mihogo, mtama na ulezi mashambani, ng'ombe kila unapogeuza shingo. Wenyeji ni Wangoreme na Wakurya, lugha zao ni kama binamu, wanaelewana huku wakichekana matamshi. Kijana unaitwa "mura". Usikasirike, si tusi, ni heshima ya ujana wako. Mimi niliitwa mura tangu naposhuka kwenye basi mpaka naondoka, na nilianza kutembea kwa kujidai kidogo.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni sauti. Nilitegemea ukimya wa kijijini. Thubutu! Kila bodaboda ina spika, na kila spika ina jambo la kusema. Ila kinachopigwa sicho tulichozoea mjini. Bongo Fleva ipo, si haba, lakini inakula benchi. Kinachotawala ni benga, magitaa yanakimbizana hadi unahisi kichwa kinatoka jasho, na katikati ya benga linaingia kitu kizito, kinaunguruma chini chini kama ng'ombe dume anayewaza. Hilo ndilo litungu.

Mjini tumeliona kwenye maonyesho ya ngoma, dakika tano, watu wanapiga makofi, basi. Hatujui tunachokiona. Litungu lina nyuzi nane. Chini kuna bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, juu kuna miti miwili iliyounganishwa na wa tatu, na nyuzi zinashuka kutoka huko. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi nailoni inatosha. Jirani zake ni nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, zote za nyuzi nane, lakini nyatiti inaongea haraka kama muuza mitumba, litungu linaongea kama mzee wa baraza. Mpigaji anakaa, anaimba hukuhuku anapiga, anataja watu. Hapo kwenye kutaja watu ndipo penye utamu. Nani kaoa, nani kaiba, nani kajenga nyumba ya bati akamsahau mama yake kwenye nyasi. Ukitajwa kwa uzuri, unatoa pesa. Ukitajwa kwa ubaya, unatoa pesa zaidi ili anyamaze. Ndiyo biashara ya muziki ya hapa, ilikuwepo kabla ya santuri, na ukweli ni kwamba inalipa papo kwa papo kuliko lebo nyingi ninazozijua.

Shida inaanza pale sauti inapoachana na mwenye sauti.

Penye maduka kuna kibanda kimoja chenye paneli ya umeme wa jua juu ya bati. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi iliyochoka anakaa hapo, kazi yake kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kwa pesa ya soda mbili unajaziwa mpaka kadi inalia. Nikamwomba anionyeshe alichonacho. Benga ya Kenya, folda moja nzito. Wakongo, folda. Bongo Fleva, folda zenye majina ya wasanii, picha na kila kitu. Halafu nikaona "Litungu 1", "Litungu 2", "Litungu mpya" na "Harusi". Nikamuuliza, hizi za nani?

"Za huku huku."

"Najua za huku, nani kaimba?"

"Hii ya kwanza ya mzee wa kule juu. Anajulikana."

Anajulikana! Sasa kama anajulikana mbona hana jina? Kijana akacheka, akasema wateja hawaulizi jina, wanasikia tu wanajua. Hakuwa na ubaya wowote, na sikumwona kama mwizi. Amejifunza kazi kwa kuitazama. Ila hesabu yake ni rahisi: kwenye folda ya litungu, nyimbo zimeingia bure na zimetoka kwa pesa, na mwenye vidole vyake hajaonja hata chai.

Tuje kwa yule bwana niliyekuahidi. Kutoka Nyansurura ukielekea magharibi, ukaipita Tarime mpaka ziwani, unafika Shirati. Leo iko wilaya ya Rorya, lakini mpaka mwaka 2007 hiyo yote ilikuwa Tarime. Huko ndiko alikozaliwa Daniel Owino Misiani, mwaka 1940. Mtanzania halisi, wa kwetu. Watu wengi Nairobi wakikuambia baba wa benga, wanamsema yeye, na wengine watakuapia kuwa ni Mkenya. Bendi yake iliitwa Shirati Jazz, jina la nyumbani alilibeba mgongoni kama kibuyu.

Kwa nini alikwenda Kenya? Kwa sababu huku kwetu hapakuwa na wa kumtolea santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani nchi nzima ikacheza, na msanii akarudi nyumbani kwa miguu. Redio ilikuwa na nyimbo nyingi nzuri na haikuwa na duka. Kenya ilikuwa na maduka. Kericho kulikuwa na Chandarana, Nairobi kulikuwa na Melodica, na upande wa Wajaluo kulikuwa na Phares Oluoch Kanindo na POK Music Stores yake. Hawa ndio lebo huru zetu za kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa anawaita hivyo. Mtu ana duka, nyuma ya duka ana mashine, mbele ya duka ana spika. Anamrekodi msanii asubuhi, mchana wateja wanamjaribu. Huyo Kanindo alifika mbali: Zimbabwe mpaka leo benga wanaiita "kanindo", kwa jina la mwenye lebo badala ya mpigaji. Fikiria mwenyewe uzito wa kile kikaratasi cha duara katikati ya santuri.

Misiani alirekodi, akaimba mafumbo ya siasa, akakamatwa Kenya zaidi ya mara moja, akatishiwa kurudishwa Tanzania. Mpaka wenyewe ulifungwa 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Kwa hiyo kuna miaka sita mizima ambayo mtoto wa Shirati alikuwa nyota upande wa pili wa kizuizi, na nyumbani kwao santuri yake haikuwa na njia halali ya kuingia.

Kisha wakaja wa Ukerewe. Na hapa tusiwe na haraka, maana Waingereza walikuja mara nyingi, na kila walipokuja walikuwa na mkataba wa namna yake.

Mara ya kwanza walikuja wakiwa wakubwa. Mwaka 1928 kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimchukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi. Kufikia 1931 santuri zake zaidi ya elfu sabini zilikuwa zimeuzwa, kwa Kiswahili, wakati ambao kuwa na gramafoni ilikuwa kama kuwa na ndege. Mwaka huohuo wa 1931 HMV na Columbia ziliungana, ikazaliwa EMI, jitu kubwa la muziki la Uingereza. HMV maana yake ni "sauti ya bwana wake". Mbwa anasikiliza sauti ya bwana wake. Mimi kila nikiiona ile picha najiuliza katika ule mchezo msanii ni nani, bwana au mbwa.

Mara ya pili walikuja wadogo. Uingereza ya miaka ya sabini mwishoni, vijana walichoshwa na majitu. Rough Trade lilianza kama duka la santuri London mwaka 1976, mwaka 1978 likawa lebo. Mwaka huohuo 1978 Manchester ikapata Factory. Kanuni yao ilikuwa ya kushangaza kwa wakati ule: toa gharama, kinachobaki tugawane nusu kwa nusu. Kampuni kubwa zilikuwa zinampa msanii asilimia ya kuhesabu kwa vidole, na hizo alizipata baada ya kukatwa studio, picha, usafiri na pengine hata chakula cha meneja. Januari 1980 lebo huru zikapata chati yao wenyewe. Zilikuwa na ofisi chafu, madeni na masikio mazuri.

Masikio hayo yakafika Afrika. London kulikuwa na duka la Sterns, lililoanza kama duka la vifaa vya umeme likiuza santuri za Kiafrika pembeni, likaja kuwa duka kamili la muziki wa Afrika na lebo yake. Kulikuwa na World Circuit, GlobeStyle, Earthworks. Mwaka 1987 World Circuit ikatoa Benga Beat ya Misiani na Shirati, miongoni mwa santuri zake za mwanzo kabisa. Hebu rudia kusoma hapo. Lebo ambayo miaka kumi baadaye ilikuja kuuza mamilioni ya Buena Vista Social Club ya Wacuba, ilijifunza kutembea kwa mtu wa Shirati, mkoa wa Mara. GlobeStyle nao wakamtoa 1989. Hao GlobeStyle ndio waliokuja pia Unguja wakatoa taarabu ya Ikhwani Safaa na Culture kwa ajili ya wazungu, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunatafuta kanda za kurekodi juu ya kanda.

Tatizo lao lilikuwa dukani. Muuza santuri wa Birmingham akipokea benga anaiweka wapi? Rafu ya rege? Ya jazi? Tarehe 29 Juni 1987 wenye lebo hizo walikutana kwenye baa moja ya Islington, London, inayoitwa Empress of Russia, wakiwemo World Circuit, GlobeStyle, Sterns, Earthworks, Hannibal na watu wa WOMAD. Wakakubaliana jina la rafu: muziki wa dunia. Bia zikaendelea. Kwa hiyo siku hiyo, kwenye baa, benga ya Shirati, taarabu ya Unguja, kora ya Mali na qawwali ya Pakistani vikawa aina moja ya muziki. Wapo wanaolitukana jina hilo mpaka leo, na wana haki. Mimi nasema lile lilikuwa jina la rafu tu, na bila rafu santuri inakaa kwenye boksi. Ila ona jambo: hata katika mkutano wa wadogo, aliyeimba hakuwepo mezani.

Wadogo hao walisaidia kweli, tusiwavunjie heshima. Remmy Ongala alitoka Dar es Salaam kwa kanda moja. Rafiki aliyekuwa anarudi Uingereza aliibeba, ikafika WOMAD, na mwaka 1988 WOMAD wakatoa Nalilia Mwana. Mwaka 1989 Super Matimila walikuwa studio za Real World za Peter Gabriel wakirekodi Songs for the Poor Man, na 1992 ikafuata Mambo. Na kwa taarifa yako, studio hiyo haiko London. Iko kijijini, kijiji kinaitwa Box, kwenye kinu cha zamani cha kusagia kwa nguvu ya maji. Kijijini! Mzee Remmy, Mungu amlaze pema, alifariki 13 Desemba 2010, na mtaa wake Sinza bado tunashuka kwa jina lake. Sijui ni mwanamuziki gani wa mamtoni amepewa kituo cha daladala.

Sasa turudi vilimani, maana nimeacha mzee ananisubiri.

Yule "mzee wa kule juu" nilimfuata. Jina naliweka kapuni kwa sababu ambazo utaziona. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, litungu limeegemea ukuta kama mgeni aliyechoka. Tukasalimiana, nikakaribishwa uji wa ulezi, tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe. Huku huanzi na shida yako. Baada ya uji ndipo akaingia ndani akatoka na bahasha.

"Mura, umesoma. Hii inasema nini?"

Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Jamaa wa kampuni moja ya mjini walikuja na gari, wakamrekodi usiku wa siku mbili kwa vyombo vizuri, wakampa pesa ya mbuzi wawili, wakaacha hiyo karatasi aweke kidole gumba, watapita kuichukua. Nikasoma. Lugha ilikuwa ngumu lakini nia ilikuwa nyepesi: nyimbo zote zilizorekodiwa, sauti na utunzi, haki zote, dunia nzima, milele. Malipo: yaliyokwishatolewa. Basi. Hakuna nusu kwa nusu, hakuna hata ile asilimia ya vidole.

Nilijikuta natafuta namna ya kumwelezea tofauti ya hakimiliki ya utunzi na hakimiliki ya rekodi. Uingereza wana vyama viwili tofauti kwa mambo hayo, PRS ya watunzi tangu 1914 na PPL ya rekodi tangu 1934. Rekodi inalindwa miaka 70. Nikaanza na maneno ya kitaalamu, nikaona macho ya mzee yanaelekea zizini. Nikaelewa niende naye hukohuko.

Nikamuuliza, ukiwa na ng'ombe wengi kuliko malisho yako, unafanyaje? Akasema nampa mwenzangu anifugie. Maziwa ya nani? Ya anayefuga. Akifa ng'ombe? Ananiletea ngozi nione. Ndama je? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Ndama wangu. Nikimtaka mmoja kumpa kwa ajili ya kazi yake nitampa, lakini ng'ombe ni wangu na ndama wangu."

Nikamwambia, basi mzee, wimbo unaweza kuutoa hivyo. Unampa mtu akufugie miaka mitano, kumi, anakamua maziwa, mnagawana mlivyopatana, muda ukiisha ng'ombe anarudi zizini. Kuna lebo huru zinafanya hivyo. Karatasi hii hapa sio ya kufugisha. Hii ni ya kuuza, ng'ombe pamoja na mimba yake na wajukuu ambao hawajazaliwa.

Akanyamaza muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na huyo anayenunua, yeye atakuwepo milele?"

Swali kubwa hilo. EMI, lile jitu lililozaliwa 1931, lilikatwa vipande 2012, wengine wakachukua Universal, wengine Sony. Rough Trade ilifilisika 1991, Factory Novemba 1992. World Circuit, wale wa Benga Beat, waliuzwa kwa BMG ya Wajerumani 2018. Lebo zinakufa, zinanunuliwa, zinabadilishwa majina. "Milele" ya kwenye mkataba inahama na kwenda kwa mtu ambaye hujawahi kunywa naye uji. Misiani alifariki kwa ajali ya gari Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Miaka minne baadaye Sterns wakatoa mkusanyiko wa kazi zake za miaka ya sabini, wakauita The King of History. Nauheshimu, umetengenezwa vizuri na umemfikisha kwa watu ambao wangekufa bila kumsikia. Lakini ili kusikia mtoto wa Shirati inabidi tuagize London, na hilo linaniuma.

Sikiliza, sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, COSOTA wapo kwa ajili ya kusajili kazi, na sheria hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Ila ofisi iko mbali na Nyansurura, na gari la kurekodi linafika kabla ya afisa. Hata wasanii wetu wakubwa, wenye wanasheria, mikataba inawatoa jasho. Harmonize alipotoka WCB mwaka 2019 tulisoma magazetini wiki nzima. Sasa mzee wa litungu na kidole gumba chake?

Mimi ningependa tuone lebo inatoka hukuhuku. Usicheke. Kampala kuna Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017 walitoa Sounds of Sisso, singeli ya Mburahati, na wazungu wakaanza kuruka kama wamekanyaga moto. Wale hawakusubiri Mwingereza abebe kanda. Nairobi kuna Ketebul ya Tabu Osusa, ambao tangu 2011 wakishirikiana na Abubilla ya London wamezunguka vijijini na studio ya kubeba, mradi unaitwa Singing Wells. Vyombo sio siri tena. Kipaza sauti kizuri, kompyuta, umeme wa jua. Yule kijana wa kibandani tayari ana viwili kati ya vitatu, na ana kitu ambacho Rough Trade walianza nacho: duka, na wateja wanaomwambia kweli. Kinachokosekana ni daftari. Nani kaimba, lini, kauza ngapi, kalipwa ngapi. Kwenye dhahabu ya Nyamongo tulipigania tukapata 16. Kwenye wimbo mwenye wimbo anaweza kuanzia 50, na hamna kampuni ya Canada ya kubishana nayo.

Nilimwambia mzee asiweke kidole, aombe karatasi ya Kiswahili, yenye miaka iliyohesabiwa na mgao ulioandikwa, na mtu wa kushuhudia kutoka ofisi ya kata. Akaikunja ile bahasha akairudisha ndani. Hakuniahidi kitu. Pesa ya mbuzi wawili alishaila, na watoto wa watoto wake wanasoma. Jamaa wakirudi na nyongeza, sijui nguvu yake itaishia wapi, na siwezi kumhukumu nikiwa Dar nimekaa kwenye kiti. Jioni alipiga litungu, nikatajwa. Nilitoa pesa.

Wakati wa kuondoka nilipita kibandani. Kijana alikuwa amekwishaambiwa habari zote, kijijini maneno yana bodaboda yake. Akanigeuzia kompyuta nione: "Litungu 1" na "Litungu 2" sasa zina jina la mzee, kamili, na jina la baba yake. Nikamuuliza na malipo? Akasema wamepatana, kila kadi ikijazwa za mzee anaandika kijiti kwenye daftari, wakutane siku ya mnada. Nikamuuliza kuhusu folda ya "Harusi". Akashika kichwa. Mle wameimba watu kumi na kitu, wawili wameshagombana, na kila mmoja anasema ile sauti ya mwanzo ni yake.